Anti, huyu mtoto nimkalishe siti gani?

Mwezi huu nilijua nitajibu mambo ya ndoa kama kawaida yetu, lakini kila ujumbe ninaofungua ni mtoto na gari, gari na mtoto. Nadhani ni yale niliyodokeza mwezi uliopita kuhusu kumfunga mtoto mkanda, yaliwachokoza wengi. Haya basi, mawifi na mashemeji wenye ugomvi wao wasubiri kidogo, ukurasa wote leo tunawaachia wadogo.

SWALI: Anti shikamoo. Mi ni mama wa mtoto mmoja, ana miezi tisa na kilo nane na nusu. Naendesha mwenyewe asubuhi, namshusha kwa mlezi wake afu naenda kazini, kwenye gari tupo wawili tu. Nikimweka nyuma analia mpaka anatapika, na mi simuoni, moyo unanienda mbio njia nzima. Kwaiyo saivi namweka mbele pembeni yangu kwenye kiti chake kile cha kubebea chenye mpini, tunatazamana, anatulia kabisa. Mume wangu hataki hata kusikia, anasema mbele hatari. Mama mkwe nae anasema mwacheni mtoto na maplastiki yenu, yeye atakaa nyuma ampakate, mikono ya bibi haijawahi kuangusha mtoto. Nani yuko sahihi hapa?
*Mama wa Mmoja*

JIBU: Marahaba mwanangu. Mumeo yuko sahihi, we uko sahihi nusu, na mama mkwe kwa heshima zote hayuko sahihi kabisa, ila usimwambie hivyo, mwambie Anti kasema.

Nianze na wewe. Kile kiti cha kubebea kinamtazamisha mtoto nyuma ya gari, na hilo ni jema sana, ndo ile nusu yako. Tatizo ni mahali ulipokiweka. Mbele ya siti ya abiria, ndani ya dashibodi, kumejificha mfuko wa hewa, hiyo eabegi. Ajali ikitokea unafumka kwa kasi inayoweza kufika kama kilomita 300 kwa saa, na unamaliza kujaa kabla hujafumba na kufumbua jicho. Umetengenezwa kumpokea mtu mzima ambaye kifua chake kiko mbali kidogo na dashibodi na kafunga mkanda. Sasa kiti cha mwanao kikitazama nyuma, ule mgongo wa kiti, yani pale pale kinapoegemea kichwa chake, uko karibu kabisa na dashibodi. Mfuko ukifumka haumpokei, unampiga. Unapiga plastiki na plastiki inampiga kichwa. Miaka ya 1990 kule Marekani walizika watoto wachanga kwa namna hii, tena kwenye ajali ndogo ndogo ambazo aliyekuwa anaendesha alishuka akiwa mzima. Ndo maana ukifungua mlango wa abiria ukashusha kile kibao cha kuzuia jua utakuta lebo ina picha ya kiti cha mtoto imepigwa mstari mwekundu, wengi wetu tunaiona kila siku tukijipaka lipstiki na hatuisomi.

Kwaiyo kanuni ya kwanza haina mjadala. Mtoto anayetazama nyuma asikae mbele ya mfuko wa hewa ulio hai. Kuna magari yana swichi ya kuuzima kwa ufunguo, nitafika huko kwenye barua nyingine, lakini wewe una siti ya nyuma tupu inakungoja, huna sababu ya kuchezea swichi.

Sasa bibi na mapajani. Hapa nataka nikae kidogo maana hili ndo linaua kwa upendo. Gari likiwa kilomita 50 kwa saa, na wewe na mtoto na chupa yake ya maziwa wote mnaenda kilomita 50 kwa saa. Gari likigonga kitu linasimama, nyie hamjasimama bado. Ukichukulia mwendo unakatika ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, kile kilo nane na nusu kinavuta mikono ya bibi kama kilo 120, yani mifuko miwili ya saruji na ya tatu inaanza, na hapo nimehesabu kwa upole, kwenye ajali ya kweli huwa ni zaidi. Hakuna bibi wala baunsa wa kushika hiyo. Ni sawa na mtoto aangushwe kutoka mita kumi hivi, ghorofa ya tatu, afu wewe uwe umesema usijali nitamdaka.

Na kuna wajanja wanasema basi tutafunga mkanda mmoja, upite juu ya wote wawili. Hiyo ni mbaya kuliko zote manake mtoto anakuwa katikati ya mkanda na mwili wa mtu mzima, na ule uzito wote wa mtu mzima unasukumia kwenye kifua cha mtoto. Usifanye hata kwa safari ya kona moja.

Nikwambie kitu ambacho huwa sipendi kukisimulia. Mtoto wangu wa kwanza nilimpakata mbele. Alikuwa na miezi kumi, kavaa ovaroli ya jinzi yenye mikanda ya kuvuka mabegani, mume wangu anaendesha taratibu, baiskeli ingetupita. Paka akakatiza. Breki moja tu ya kawaida, hata tairi hazikulia. Chupa niliyokuwa nimeshika ilinitoka ikaenda kugonga kioo cha mbele, na mtoto alinitoka vilevile kama chupa, kilichomzuia ni kidole changu kimoja kilichokuwa kimenasa kwenye ule mkanda wa ovaroli. Paji lake la uso lilisimama shubiri moja kutoka dashibodi. Akacheka, alidhani tunacheza. Mi sikucheka, na nilikuwa mtu wa kusema mimi namshika vizuri bana. Ile haikuwa ajali. Ilikuwa paka.

Haya, na kilio? Kilio kinakera lakini hakiui, labda kikukoseshe umakini, hapo ndo pa kufanyia kazi. Funga kioo kidogo kwenye kile kiegemeo cha kichwa cha siti ya nyuma, kipo cha kazi hiyo hiyo, ili ukitupa jicho kwenye kioo chako cha katikati umuone uso. Kifunge kweli kweli, kisiwe kitu cha kuruka. Jua likimpiga usoni weka kizuizi dirishani. Angalia pia mkanda wake usimkate shingoni na kiti kisiwe kimesimama wima sana, mtoto wa umri huo kichwa kikidondokea mbele hapumui vizuri na analia kwa haki yake. Ongea nae tu, imba hata kama sauti huna. Akizidi, tafuta mahali salama usimame, umtoe umtulize, umrudishe. Kugeuka nyuma kumpapasa huku unaendesha ndo hatari kubwa kuliko kilio chenyewe. Na akitapika kila siku hata akiwa hajalia, muone daktari, huenda si siti.

Moja la mwisho kwako kwa sababu umesema humuoni. Mtoto akilala nyuma kimya, mzazi mwenye usingizi na mawazo ya kazini anaweza kumsahau, na usiseme mimi siwezi, wote waliosahau walikuwa hivyo hivyo. Gari lililofungwa juani linapanda kama nyuzi 10 ndani ya dakika kumi tu, na mwili wa mtoto unapata joto haraka mara tatu mpaka tano kuliko wa mtu mzima. Weka pochi yako nyuma chini ya miguu yake, au simu, au kiatu kimoja kama unaendesha peku. Kitu ambacho huwezi kuingia ofisini bila hicho.

SWALI: Habari za kazi anti. Binti yangu ana miaka miwili na miezi minne, mrefu, kachukua kwa mama yake. Kiti chake bado kinatazama nyuma na miguu imeshagusa mgongo wa siti mpaka inakunjika. Watu wakituona wanatucheka, wanasema mnamfunga mtoto kama mzigo, mgeuzeni aone njia. Nimgeuze? Na je akae katikati au pembeni, na kama pembeni ni nyuma ya dereva au nyuma ya abiria? Nimesoma kila mtu anasema lake.
*Baba wa Miguu Mirefu*

JIBU: Nzuri kaka. Usimgeuze. Miguu kukunjika si tatizo, tazama anavyokaa sakafuni akichezea midoli yake, kakunja nne au kajikalia visigino na hajawahi kulalamika. Watoto wanaotazama nyuma miguu yao haivunjiki kirahisi kama watu wanavyohofia, na hata ingekuwa hivyo, mguu unafungwa plasta. Shingo haifungwi plasta.

Shingo ndo hadithi yote hapa. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote, cha kwako ni kama sehemu ya saba au ya nane. Kichwa kikubwa, juu ya kishingo ambacho pingili zake bado hazijawa mfupa kamili, sehemu ni gegedu laini inayoendelea kuungana kwa miaka kadhaa. Ajali nyingi kali gari linagonga kwa mbele. Mtoto anayetazama mbele mabega yanashikwa na mkanda, kichwa kinaendelea na safari, shingo inavutwa. Anayetazama nyuma anasukumwa ndani ya kiti chake, mgongo, shingo na kichwa vyote vinapokelewa kwa pamoja kama kiganja kinavyopokea yai. Mkanda haufanyi hata kazi kubwa, kiti ndo kinafanya.

Wazo lenyewe lilitoka kwa watu wa anga za juu, hii huwa naipenda. Mwaka 1964 daktari mmoja wa Uswidi, Bertil Aldman, aliona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali kwenye viti vilivyofinyangwa kufuata miili yao ili nguvu ya roketi isambae mgongo mzima, akajiuliza kwa nini mtoto asikalishwe hivyo kwenye gari. Akatengeneza kiti cha kujaribia. Waswidi hawakurudi nyuma tangu hapo, kwao mtoto kutazama nyuma mpaka miaka minne hivi ni jambo la kawaida na wala hawachekwi. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani nao walikuwa wanasema mpaka miaka miwili, mwaka 2018 wakaufuta huo umri kabisa, wakasema atazame nyuma mpaka afikie mwisho wa uzito au urefu ulioandikwa kwenye kiti chake. Viti vya Ulaya vya kanuni mpya ya R129, ile iliyoanza 2013, vinasema asigeuzwe kabla ya miezi 15, lakini soma vizuri, hiyo ni chini kabisa, haimaanishi siku ya miezi 15 na dakika moja unamgeuza kwa sherehe.

Kwaiyo angalia lebo ubavuni mwa kiti chako. Uzito bado? Kichwa bado kiko chini ya ukingo wa juu wa kiti kama kitabu kinavyosema? Basi bado anatosha. Wanaocheka waache wacheke.

Kuhusu katikati au pembeni. Kwa hesabu tupu katikati ya siti ya nyuma ni bora, kwa sababu rahisi kwamba iko mbali na milango yote miwili, gari likigongwa ubavuni yeye yuko mbali na bati linaloingia ndani. Kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Pediatrics mwaka 2008, uliangalia watoto wa chini ya miaka mitatu na kitu waliofungwa kwenye viti vyao nyuma, waliokaa katikati hatari yao ya kuumia ilikuwa pungufu kwa asilimia 43 kuliko waliokaa pembeni. Si kidogo hiyo.

Lakini usikimbie kukihamisha sasa hivi kaka, subiri. Magari mengi katikati pana nundu, au pamebanwa, au hamna zile pete za chuma za ISOFIX za kunasia kiti, au mkanda wake ni ule wa kiunoni tu usiopita begani. Kiti kinakaa kimeinama upande kama mlevi. Kiti kilichokaa kimelegea katikati ni kibaya kuliko kilichokaza pembeni. Kwaiyo jaribu katikati kwanza. Shika kiti pale pale mkanda unapopita au karibu na zile pete, usishike juu, juu kitacheza tu hata kikifungwa na fundi bingwa. Tikisa kulia kushoto kwa nguvu ya kawaida, kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, kama pingili moja ya kidole gumba, hakijakaza. Panda na goti juu yake ukivuta mkanda, utaona tofauti. Kikigoma kabisa, kihamishie pembeni na ulale usingizi wako.

Pembeni ipi sasa? Hapo tofauti ni ndogo, mi nachagua upande ambao ukifungua mlango unasimama ukingoni mwa barabara, si upande magari yanapopita, manake we unayemfunga na kumfungua ndo unayeinama na mgongo nje. Mara nyingi ni nyuma ya abiria. Na ukiwa na dereva mrefu anayerudisha siti yake nyuma mpaka inagusa kiti cha mtoto, basi nyuma ya abiria tena.

Kabla sijakuacha, jaribio moja la sekunde mbili ambalo ningependa kila baba alijue. Ukishamfunga ile mikanda ya mabegani, weka kidole gumba na cha shahada juu ya mkanda pale begani, jaribu kuufinya kama unavyofinya shavu la mtoto. Ukipata kikunjo, umelegea, vuta tena. Vidole vikiteleza bila kushika kitu, sawa. Akiwa anatazama nyuma mikanda itoke usawa wa mabega au chini yake kidogo, siku ukimgeuza itoke usawa wa mabega au juu. Na sweta zito au koti la sponji mvue kwanza. Ukimfunga nalo unaona kimekaza, kumbe umekaza sponji, ajali ikija sponji inabonyea na mtoto anachomoka. Mfunge, afu mfunike na koti lake kwa juu.

SWALI: Mwanangu, mimi ni bibi, na gari naendesha bado na miwani yangu. Wajukuu watatu wananijia wikiendi, mmoja ana mwaka mmoja, mwingine minne, mkubwa saba. Wazazi wao wananiletea viti vitatu kama nahamia nyumba mpya. Gari langu ni dogo. Nyie wote tuliwalea bila hivyo vitu na mmekua, leo mnatuandikia magazetini. Niambie basi nani akae wapi, maana nikikosea nitanyang'anywa wajukuu.
*Bibi wa Wikiendi*

JIBU: Shikamoo bibi. Nimecheka na nimekuogopa kwa pamoja.

Ni kweli tulikua, bibi, lakini wanaosimulia ni waliokua. Wale wengine hawapo wa kuandika barua. Mkanda huu tunaoufunga leo unaopita kiunoni na begani ulibuniwa na Nils Bohlin wa kiwanda cha Volvo mwaka 1959, na miaka mingi baadae magari mengi hayakuwa nao siti za nyuma kabisa, kwaiyo si kwamba mlitupuuza, hamkuwa na cha kutumia. Leo kipo. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndo zinaongoza kuua watu wa miaka 5 mpaka 29, na kwamba kiti cha mtoto kikitumika kinaweza kupunguza vifo kwa asilimia 60. Hiyo sita kwenye kumi ndo sababu wanakuhamishia nyumba.

Sasa kazi yetu. Viti vitatu kwenye siti ya nyuma ya gari dogo ni hesabu ya kuhamisha meza kwenye korido, unaweza ukahitaji jaribio la nne. Wa mwaka mmoja anatazama nyuma, huyo hana mjadala, mpe sehemu kiti chake kinapokaza kuliko kote, ikiwa ni katikati vizuri sana. Wa miaka minne ana kiti chenye mikanda yake ya mabegani, pembeni. Wa miaka saba anakaa kwenye busta, kile kiti cha kumnyanyua mtoto mkubwa ili mkanda wa gari umkae vizuri, na busta lazima mkanda wa kupita begani, kwaiyo usimweke sehemu yenye mkanda wa kiunoni tu hata kama inaonekana ndo rahisi. Mara nyingi ukimweka mdogo katikati viti vitatu vinapishana mabega vizuri kwa sababu chake kimegeukia upande mwingine, mapana yake hayapo sawa na ya wenzake. Jaribu hiyo kwanza.

Vikigoma kabisa? Basi mmoja anakuja mbele, na anayekuja mbele ni mkubwa, wa miaka saba, kwenye busta yake, mkanda umefungwa, na siti unairudisha nyuma kabisa mpaka mwisho wa reli. Mdogo haji mbele hata iweje. Watu wengi wanafanya kinyume, wanaleta kachanga mbele ili wakaone na wakubwa wanajimwaga nyuma, ndo kosa lile lile la mwenzako hapo juu.

Na ukifungua mlango angalia kwanza bibi wakubwa wasiwe wamefungua mkanda wa mdogo kwa kumsaidia. Wa miaka saba wana huruma mbaya. Chupa za maji, mwavuli, lile tochi lako kubwa, vyote buti, kitu kikiachwa kwenye kile kibao cha nyuma cha kioo kinageuka jiwe la manati. Mtoto mwenyewe asikae buti wala kusimama katikati ya siti mbili za mbele, najua we hufanyi, nimeandika kwa wanaosoma begani kwako.

SWALI: Anti mambo, kijana wangu wa miaka nane amegoma busta, anasema ni kiti cha watoto na marafiki zake wanakaa mbele na baba zao. Nimwache? Kila asubuhi ni vita.
*Mama Vita*

JIBU: Poa mama. Umri unadanganya, mpime kwa mkanda. Mkalishe siti ya nyuma bila busta, mgongo uguse kabisa siti. Magoti yanakunjika vizuri ukingoni au anabaki kanyoosha miguu kama anaota jua? Mkanda wa chini unalala juu ya mapaja na mifupa ya nyonga, au umepanda tumboni? Wa juu unapita katikati ya bega na kifua, au unamkata shingo mpaka anauweka chini ya kwapa? Na anaweza kukaa hivyo safari nzima bila kuteleza? Likikosekana hata moja, busta inabaki. Mkanda ukiwa tumboni kwenye ajali unabana utumbo na uti wa mgongo badala ya mfupa, na huo wa chini ya kwapa unavunja mbavu. Wengi wanatosha wakifika kama sentimita 145. Nchi za Ulaya zimeweka sheria ya sentimita 135 nyingine 150, kwaiyo miaka nane wengi bado sana.

Mbele asubiri mpaka avuke miaka 12, hapo madaktari na watu wa usalama wanakubaliana karibu wote. Kuhusu vita, mwangu niliyemalizia nae nilimpa futi ya kupimia, tukachora mstari mlangoni, kila mwezi anapimwa mwenyewe, akawa anagombana na mstari badala ya kugombana na mimi. Kuna busta zisizo na mgongo pia, hazionekani kama kiti cha mtoto, kama kiegemeo cha gari lenu kinafika usawa wa masikio yake hiyo itamtosha na heshima yake itabaki.

SWALI: Pikapu yangu ina siti za mbele tu. Mtoto wa miezi sita. Nifanyeje?
*Pikapu*

JIBU: Kama kuna gari lingine, hilo lingine. Kama hamna, lazima mfuko wa hewa wa abiria uzimwe, kwa swichi ya ufunguo kama ipo, na ile taa ya kwenye dashibodi inayoonyesha umezimwa uione inawaka kila safari, si siku ya kwanza tu. Kiti kinatazama nyuma vilevile, siti inarudishwa nyuma kabisa. Swichi haipo na mfuko upo? Basi pikapu si gari la huyo mtoto. Na siku mtu mzima akikaa hapo, uuwashe.

SWALI: Rafiki kanipa kiti cha mwanae, kizuri, kisafi, hata kitabu chake kakitunza. Nakuuliza tu kama ni sawa kutumia cha mtumba.
*Mjamzito wa Pili*

JIBU: Hongera! Kama unamjua na anakwambia ukweli, sawa. Muulize swali moja tu, hiki kiti kimewahi kuwa kwenye gari lililogongwa? Hata kama hakina mpasuko. Plastiki ikishabeba ajali kali inaweza kuwa imechoka ndani na wewe huioni. Afu kigeuze chini, utakuta tarehe kimetengenezwa na mara nyingi mwaka wa mwisho wa kutumika. Tafuta lebo ya ukaguzi, ile ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara kama ni cha kanuni za Ulaya. Angalia mikanda haijachanika, kifungio cha mkanda kinalia klik na hakifunguki kwa kuvuta, na anza nacho siku ile ile mnatoka hospitali, mazoezi ya kukifunga ufanye wiki mbili kabla na mdoli, si pale mlangoni mwa wodi huku kila mtu anakushauri. Mkifika nyumbani mtoe alale kitandani chali, kiti cha gari si kitanda hata kama kalala kama malaika, na njia ndefu mpumzishe kila baada ya muda.

Kikiwa kimepitwa na tarehe usimpe mtu mwingine wala usikiache jalalani kizima. Kata mikanda na mkasi kwanza, andika juu kwa kalamu nene KIBOVU, ndo ukitupe.